Mtoto asiachiwe zimwi la kwenye skrini peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nichangie jambo ambalo wazazi wameliandikia humu mara kadhaa, lakini sijaona likiandikwa na mtu aliyekuwa upande wa pili, yaani mtoto aliyeshika pedi ya kuchezea. Jambo hilo ni michezo ya video ya kutisha. Wazazi walioandika wameiita uchafu, wameiita mashetani, na mmoja wao aliwashauri wenzake wazivunje simu za watoto. Sikubaliani nao, ila siwezi kuwadharau, kwa sababu kinachowatia wasiwasi nimekipitia mwenyewe. Nilicheza mchezo wa namna hiyo nikiwa na umri wa miaka 14, nikaucheza usiku, peke yangu, bila kumwambia mtu, na kwa miezi miwili iliyofuata nilishindwa kwenda choo cha uani jua likishazama. Leo nina miaka 22, na mdogo wangu wa miaka 11 anacheza mchezo uleule kwenye simu. Ninayoyaandika yanatoka katika nafasi hizo mbili.

Mchezo ninaousema ni Little Nightmares. Ulitengenezwa na Tarsier Studios, kampuni ya mjini Malmö nchini Uswidi, ukatolewa na Bandai Namco ya Japani mwezi Aprili 2017. Mtoto wa mjomba wangu alikuja likizo mwaka 2018 kutoka Maskati akiwa na PlayStation yake, mashine ya kuchezea michezo ya video, na alipoondoka aliiacha nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, pamoja na michezo mitatu. Miwili ilikuwa ya mpira. Wa tatu ulikuwa na picha ya mtoto mdogo aliyevaa koti la mvua la manjano, nami nikadhani ni mchezo wa watoto.

Kwa faida ya wasioufahamu, niueleze kidogo, maana nimegundua kwamba wengi wanaoipinga michezo hii hawajawahi kukaa hata robo saa kuitazama. Mtoto huyo anaitwa Six, ingawa ndani ya mchezo hakuna anayelitamka jina lake, kwa kuwa hakuna anayezungumza neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Anaamka ndani ya sanduku la nguo, katika sehemu ya chini kabisa ya The Maw, chombo kikubwa mno kilicho baharini, ambacho wageni wanene hukipanda ili wale, wale tena, na waendelee kula. Hana silaha. Ana kiberiti cha gesi tu cha kumulikia njia. Mchezaji anamwongoza kukimbia, kupanda rafu za vitabu, kuruka kutoka meza hadi meza, kujipenyeza kwenye matundu ya hewa, na kufumbua mafumbo ili atoke sura moja aingie nyingine, na sura zote ni 5. Kuna fumbo moja la jikoni ambalo silisahau: unatafuta vipande vya nyama, unavirusha ndani ya mashine ya kusagia, unavuta mkono wa mashine, na soseji zinatoka zikiwa zimeungana kama kamba, kisha unazirukia na kubembea hadi ng'ambo. Nililifumbua nikacheka kwa furaha, halafu nikaanza kujiuliza nyama ile ni ya nini.

Hofu ya mchezo huu haiko katika damu, maana damu yenyewe ni kidogo. Iko katika vipimo. Kila kitu mle kimejengwa kwa kimo cha watu wazima, tena watu wazima wakubwa kupita kiasi. Kitasa cha mlango kiko juu, hukifikii, na inakubidi usukume kiti au sanduku hadi mlangoni, upande, ujirushe, uning'inie kwenye kitasa kwa mikono miwili, na mlango ufunguke kwa uzito wako. Sijui kama mtu mzima anayakumbuka maisha ya namna hiyo. Mtoto hana haja ya kuyakumbuka, kwa sababu bado anayaishi. Swichi ya taa haifikii, kufuli halifungui, na mazungumzo ya wakubwa anayasikia kupitia ukutani bila kuelewa yanahusu nini. Kwa sababu hiyo mchezo huu unamwingia kijana mdogo kwa namna ambayo haumwingii mtu wa miaka 40, na kwa sababu hiyohiyo sikubali unapoitwa upuuzi.

Katika sura ya pili kuna mlinzi. Miguu yake ni mifupi, mikono yake ni mirefu kiasi kwamba anaweza kupapasa chumba kizima bila kusogea alipo, na ngozi ya uso wake imeshuka ikafunika macho. Haoni, lakini anasikia. Ukikimbia anasikia, ukikanyaga ubao unaolia anasikia, na ile mikono inaanza kutambaa kuelekea ulipo, vidole vikigonga sakafu kimoja baada ya kingine. Namna pekee ya kumpita ni kuchutama na kwenda polepole. Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni, taa imezimwa, saa sita usiku, na nakumbuka nilibana pumzi zangu za kweli, kana kwamba angeweza kunisikia mimi pale sebuleni. Baada yake kuna chumba kilichojaa viatu. Six anazama ndani yake hadi kiunoni kama mtu avukaye mto, na kuna kitu kinatembea chini ya viatu hivyo kikimfuata. Kitu chenyewe hakionekani. Viatu ndivyo vinavyoinuka na kushuka. Niliufunga mchezo pale, nikazima mashine, nikalala na kanga ya mama usoni.

Ndugu Mhariri, naomba wazazi wanielewe vizuri hapa. Ile miezi miwili ya hofu haikuletwa na viatu wala na yule mlinzi peke yao. Ililetwa na kunyamaza. Nilijua kwamba nikimwambia mama, mashine ingefungiwa kabatini siku hiyohiyo, na ile michezo miwili ya mpira, ambayo kaka zangu waliipenda sana, ingekwenda nayo, na lawama zote zingekuwa zangu. Hofu ya kunyang'anywa ilikuwa kubwa kuliko hofu ya zimwi. Kwa hiyo nilibaki na zimwi langu. Mchana nilikwenda shule kama kawaida, jioni nikamsaidia mama kukuna nazi, na usiku nilipohitaji kwenda uani nilimwamsha mdogo wangu wa kike kwa visingizio nikisema kwamba nimeona nge. Hakuna mtu mzima aliyejua lolote.

Nayasema haya nikijua kuwa katika nyumba hiyohiyo niliwahi kuhadithiwa mambo ya kutisha zaidi, na sikukosa usingizi hata siku moja. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alituhadithia habari za mazimwi kabla hatujaanza shule. Aliyoipenda zaidi ni ya msichana aliyekwenda pwani na wenzake kuokota makombe, akalisahau kombe lake zuri juu ya mwamba. Akawaomba wenzake wamsindikize kulirudia, wakakataa. Akarudi peke yake akiimba ili ajipe moyo, akalikuta zimwi limekaa juu ya mwamba uleule. Zimwi likamwambia kwamba halimsikii vizuri, asogee, aimbe tena. Akasogea. Likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye vijijini, likiipiga ile ngoma naye akiimba humo ndani, watu wakistaajabia ngoma inayoimba na kulipa zimwi chakula. Likaenda hivyo mpaka likafika kijijini kwao, na wazazi wake wakaitambua sauti.

Mtoto amefungiwa ndani ya ngoma yenye giza, anapigwa kila siku ili aimbe, na kwa sauti yake mwingine anakula. Nikiiweka hadithi hiyo kando ya The Maw, sioni ni ipi iliyo ya kutisha zaidi. Tofauti ninayoiona ni moja. Bibi alipokuwa akisimulia, mkono wake ulikuwa mgongoni mwa mmoja wetu, na macho yake yalikuwa yanasoma nyuso zetu. Akimwona mdogo kabisa ameanza kukunja midomo, sauti ya zimwi ilishuka, safari ya ngoma ikafupishwa, na wazazi wakatokea mapema. Akituona tumechangamka, zimwi liliongezewa vijiji viwili vitatu. Hadithi ilikuwa ileile, ila kipimo chake kilikuwa mikononi mwa mtu anayetupenda. Mashine haimtazami mtoto usoni. Inatoa kipimo kilekile kwa kijana wa miaka 17 na kwa mtoto wa miaka 9, kwa aliyeshiba na kwa aliyefiwa na baba yake wiki iliyopita.

Nirudi kwa mdogo wangu. Mwezi Desemba 2023 Little Nightmares ulitolewa pia kwa ajili ya simu, na tangu hapo mtoto hahitaji binamu wa Maskati ili kuupata. Mdogo wangu aliuanza mwaka huu, ndani ya chandarua, akiwa amevaa hedifoni, yaani kwa namna mbaya ileile niliyoucheza mimi. Mama aligundua siku ya nne, aliposikia kilio kidogo usiku. Aliichukua simu, akaifungia kabatini, akamsomea dua, akamlaza karibu naye. Alifanya alivyojua, na kwa mapenzi. Lakini wiki mbili zilipita na mtoto akawa bado anakagua chini ya kitanda kila usiku. Siku moja tukiwa tunaanua nguo aliniuliza swali ambalo lilinifungua macho. Hakuniuliza kama yule mwenye mikono mirefu yupo kweli, maana anajua kwamba hayupo. Aliniuliza, "Dada, hivi yule anaishia wapi?"

Simu ilikuwa imechukuliwa wakati mlinzi bado yuko chumbani na Six bado amejibanza nyuma ya meza. Kichwani mwa mtoto hawakuwa wameondoka hapo. Bibi asingekubali kulala akiwa amemwacha msichana ndani ya ngoma, na sisi wenyewe tusingemwachia. Tulikuwa tukimshika nguo tukisema bado, Bibi, bado, mpaka wazazi wamtoe mtoto na kuijaza ngoma nyuki. Mzazi anayemnyang'anya mtoto mchezo wa kutisha katikati, bila neno jingine, anaikata hadithi mahali pabaya kuliko pote.

Nilimwomba mama atupe simu kwa masharti. Tungecheza sebuleni baada ya Isha, taa zikiwa zinawaka, bila hedifoni, nami nikiwa nimekaa pembeni, na mtoto akisema inatosha, tunaacha hapohapo hadi kesho. Mama alikubali kwa shingo upande, akasema kwamba naye atakaa aone ni uchafu gani huo. Tukawa vichwa vitatu juu ya skrini moja ndogo. Tulifika kwa mlinzi. Mdogo wangu akamficha Six nyuma ya kiti, mlinzi akasogea, mtoto akamhamishia nyuma ya sanduku, akakimbia, akakamatwa. Akarudia, akakamatwa tena. Mara ya tatu mama, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mwanangu, si umesema haoni? Sasa mtu asiyeona unamkimbilia nyuma ya kiti kufanya nini? Shida yako ni miguu. Nyata."

Mtoto aligeuka akamtazama mama yake kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama. Kisha akanyata. Alimpita mlinzi kwa hatua ndogo ndogo, ile mikono ikipapasa hewa juu ya kichwa cha Six, na alipofika upande wa pili wote watatu tulitoa pumzi kwa pamoja. Siku mbili baadaye tulifika mahali ambapo Six anavuta vyuma vinavyouzuia mlango, mlango unashuka, na ile mikono mirefu inabaki upande huu bila mwenyewe. Mama alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti. Usiku huo mtoto hakukagua chini ya kitanda. Nilimsubiri nione, na hakukagua.

Sitaki ionekane kwamba kila kitu kilikuwa chepesi baada ya hapo, kwa sababu sehemu ngumu zaidi ya mchezo huu haina mlinzi wala mpishi. Kila sura, Six anashikwa na njaa ya ghafla inayomkunja tumbo mpaka hawezi kutembea. Mara ya kwanza, mtoto mwingine aliyefungwa nyuma ya nondo anamrushia kipande cha mkate. Mara ya pili anakula nyama iliyowekwa kama chambo, na hapo ndipo anaponaswa. Mara ya tatu anamla panya aliyenaswa mtegoni. Mara ya nne anatokea Nome, kiumbe mdogo mwenye kofia iliyochongoka, mmoja wa wale ambao mchezaji amekuwa akiwakumbatia njia nzima, naye anamletea soseji na kumnyoshea. Six anaipita soseji, anamrukia Nome, anamla.

Mdogo wangu aliiweka simu chini. Alikuwa amewakumbatia wote aliowaona, hakumruka hata mmoja. Akauliza, "Dada, kwa nini amemla yeye na soseji amepewa?" Sikuwa na jibu tayari. Nilianza kusema kwamba ni mchezo tu, nikajizuia, kwa sababu swali lake lilikuwa swali la kweli, na ningemjibu hivyo angejua kwamba siku nyingine asiniulize. Mama ndiye aliyezungumza. Alisema kwamba yeye amewahi kuona njaa, wakati wa utoto wake, na kwamba njaa ikimzidi mtu inaweza kumfanya amdhuru hata anayemletea chakula, na baadaye ajute maisha yake yote. Kisha akatueleza jambo la mjomba wake ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yangu 22, na ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa ni la nyumba yetu. Tulikaa mpaka saa nne. Simu ilijizima yenyewe, hakuna aliyeiwasha.

Juma lile lile mtoto alisikia kwa wenzake shuleni kwamba kuna sehemu za nyongeza za mchezo huu, zilizotolewa kati ya mwaka 2017 na 2018, akatazama video ya mtu akizicheza. Katika sehemu hizo unamwongoza mvulana mwingine aliyefungwa ndani ya chombo hichohicho, na mwisho wake anageuzwa Nome. Yaani yule aliyeshika soseji alikuwa mtoto. Alinijia akiwa ameiva uso, akanieleza jambo hilo kama mtu anayeleta habari za msiba. Nilihuzunika naye. Lakini nilitambua pia kwamba amenijia. Mimi katika umri wangu wa miaka 14 nililijua jambo hilohilo, na sikuwa na wa kumwendea.

Kuna jambo moja ambalo ningependa watengenezaji wa michezo hii walisikie, japokuwa najua kwamba barua hii haitafika Uswidi wala Uingereza. Sehemu ya pili ya Little Nightmares ilitoka mwezi Februari 2021, na uzuri wake mkubwa ni kwamba kuna watoto wawili, Mono na Six, na kuna kitufe maalumu cha mmoja kumshika mwenzake mkono. Unaweza kuvuka ukumbi mzima wenye giza mmeshikana mikono. Sehemu ya tatu, iliyotengenezwa na Supermassive Games ya Uingereza na kutolewa mwezi Oktoba 2025, imekwenda mbele zaidi, kwa kuwa imeundwa ili watu wawili wacheze pamoja, mmoja akiwa Low na mwingine akiwa Alone. Nilifurahi mno niliposikia. Kisha nikafahamu kwamba watu hao wawili lazima wawe kila mmoja na mashine yake, wakutane kwa intaneti, na kwamba hamwezi kukaa wawili mbele ya televisheni moja na pedi mbili. Mchezo wa watoto wawili wanaosaidiana umetolewa, na ndugu wawili waliokaa kwenye mkeka mmoja hawawezi kuucheza. Katika nyumba zenye mashine moja, ambazo ndizo nyingi katika mtaa wetu, maana yake ni kwamba mtoto atacheza na kompyuta, au na mtu aliye mbali, na dada yake atakaa pembeni kama nilivyokaa mimi. Naona ni kosa kubwa katika kazi ambayo kwa mengine imefanywa kwa akili.

Wapo watoto ambao nisingewapa mchezo huu hata nikiwa nimekaa nao. Katika sehemu ya pili kuna shule. Mwalimu wake ana shingo inayorefuka kama nyoka, inapita juu ya madawati na ndani ya matundu ya hewa ikimtafuta mtoto aliyetoa sauti, na wanafunzi wana vichwa vya kaure vilivyo wazi ndani, nao wanawatesa wenzao kwa mitego. Kwa mtoto anayekwenda shule kwa amani, hiyo ni sura ya kutisha na ya kusisimua. Kwa mtoto anayechapwa kila asubuhi, au anayesubiriwa njiani na wakubwa wamnyang'anye nauli, hiyo si hadithi tena. Nilipocheza sura hiyo nilimkumbuka mwenzangu mmoja wa shule ya msingi, ambaye simtaji, aliyekuwa akitapika kila Jumatatu kabla ya kengele. Mtoto kama huyo anahitaji kwanza mtu wa kumuuliza kinachomsibu. Vilevile nisingempa mtoto aliye katika msiba, wala mtoto wa chini ya miaka 10, hata kama anasema wenzake wote wanacheza.

Wengine watauliza kwa nini tusifuate umri uliowekwa na wenye mamlaka ya kupima michezo. Tuufuate, ila tujue unavyopatikana. Marekani mchezo huu umewekwa katika daraja la vijana wa kuanzia miaka 13, na Ulaya umewekewa miaka 16. Ni mchezo uleule, wenye mlinzi yuleyule na Nome yuleyule, na tofauti ni miaka mitatu. Silaumu upande wowote. Nasema tu kwamba namba iliyo kwenye kasha haimjui mtoto wako, na wewe unamjua. Najua pia kwamba mdogo wangu wa miaka 11 hajafikia namba yoyote kati ya hizo. Laiti angeniuliza kabla hajauanza, ningemwambia asubiri. Hakuniuliza, aliuanza, na baada ya hapo uamuzi uliobaki ulikuwa kama atabaki nao peke yake au la.

Kwa wazazi wanaosema hawaielewi michezo hii kwa kuwa ni ya Kizungu, nawakumbusha nililolitaja mwanzo, kwamba ndani yake hakuna neno lililozungumzwa. Mama yangu hajui Kiingereza na hakukwama popote. Bibi yangu angekuwa hai angeielewa hadithi yote kuliko mimi, na nina hakika angekuwa na maneno makali ya kuwaambia wale wageni wanene wanaokula bila kusema bismillahi.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, nina ombi moja. Gazeti lako lina kurasa za mpira, lina ukurasa wa muziki, na kila Jumamosi linatueleza filamu zilizotoka. Michezo ya video, ambayo vijana wengi wa mitaani kwetu wanaitumia muda mrefu kuliko filamu, inatajwa tu pale mzazi anapoandika kulalamika. Naomba itafutwe nafasi, hata ya nusu ukurasa mara mbili kwa mwezi, mtu aliyeucheza mchezo aueleze kwa Kiswahili: unahusu nini, mahali gani panatisha na kwa namna gani, sura ipi mzazi ahakikishe yupo karibu, na kitu gani ndani yake kinafaa kuzungumzwa na mtoto baadaye. Mimi niko tayari kuandika bila malipo, na nawajua vijana wengine wanne hapa Tanga walio tayari pia. Mama yangu angesoma ukurasa wa namna hiyo. Amesema hivyo mwenyewe, na ndiye aliyenihimiza niandike barua hii.

Kwetu sisi imebaki sura ya mwisho, ile ya makao ya mwanamke anayekimiliki chombo cha The Maw, ambaye hashindwi kwa kitu kingine ila kioo. Mdogo wangu anajua kwamba kioo kinahusika, ila hajui kinatumikaje, na sijamwambia. Tumepanga kuicheza Ijumaa. Mama ametuonya tusithubutu kuanza kabla hajamaliza kazi zake za jikoni.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Ngamiani, Tanga